Nilipungua kilo 13, sasa hata kigoda kinanishinda

Sista, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mama wa miaka 57, nauza mitumba Kibuye tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi, na nakuandikia kwa sababu kuna kitu kimenifanyikia na hapa nyumbani kila mtu ana jibu lake na hakuna hata moja linanisaidia.

Mwaka jana mwezi wa pili nilikuwa kilo 94. Mimi ni mfupi kwa hivyo hizo kilo zilikuwa zinaonekana. Kliniki wakaniambia presha imeanza kupanda, sukari nayo iko karibu na mpaka, nipunguze mwili. Binti yangu anafanya kazi Nakuru, akanitumia mizani na chai ya kupunguza mwili, ile ya pakiti, ukinywa usiku asubuhi unakimbia choo. Nikaacha ugali, nikaacha samaki jioni, mayai nikaacha juu niliambiwa yana mafuta, nikawa asubuhi ni matunda, mchana mboga, usiku ile chai na kulala. Jumatano na Ijumaa nafunga na kina mama wa kanisa. Miezi minne nikafika 81. Sista, kilo 13! Watu wa soko walinisifu mpaka nikaona haya, kuna mteja wangu wa miaka mingi alinipita akidhani ni dada yangu mdogo amekalia biashara.

Lakini kuna vitu nilikuwa naona na nikanyamaza. Nyama ya huku juu ya mkono ikaanza kuning'inia kama pazia. Halafu kigoda changu. Ni kile kifupi cha mbao cha miguu mitatu, naketi hapo nikichambua nguo, nimekikalia miaka ishirini na kitu. Siku moja nikataka kusimama nimpe mteja sketi, nikashindwa. Goti haliumi, kizunguzungu hakuna, nguvu tu haikuja. Nikajisukuma mara ya pili, ya tatu, mwisho nikashika nguzo ya kibanda ndio nikatoka. Yule mteja akacheka akifikiria nafanya mzaha.

Disemba ikafika, harusi mbili, matanga huko Siaya, chakula ni chakula, na ile chai nilikuwa nimeshaiacha maana tumbo lilikuwa limenichosha. Leo nimepanda mizani niko 90. Kilo tisa zimerudi. Nikadhani basi kama mwili umerudi hata nguvu itarudi, wapi! Nikiwa 94 nilikuwa nashusha mzigo wa mitumba, ule wa kilo 45, tukishikana na kijana wa mkokoteni. Sai nikishuka matatu Kondele natafuta pa kushika kama nyanya wa miaka themanini, na mwezi uliopita niliteleza kwa ngazi za kanisa, ngazi mbili tu, mguu ukachelewa, nikaangukia mkono. Mungu ni mwema sikuvunjika.

Mzee wangu anasema ni uzee, nikubali. Binti anasema ni zile kilo tisa, nirudie chai ama anitafutie ile sindano watu wa Nairobi wanadungwa wapungue. Jirani anasema nimerogwa juu ya kibanda, hiyo nimeiacha na yeye. Sista, mtu anakuwaje mnene na mnyonge wakati mmoja? Nipungue tena ama niache?

Mama Kigoda, Kibuye

*

Mama Kigoda dada yangu, pole kwanza kwa hiyo ngazi. Barua yako nimeisoma mara mbili na sehemu iliyonishika si ya kilo, ni ile ya nguzo ya kibanda.

Chai usirudie. Hilo tulimalize mapema. Nyingi ya hizo chai zina majani ya sena, dawa ya kuharisha, na kinachotoka asubuhi ni maji na choo na chumvi za mwili, mafuta yako yamekaa pale pale yanakuangalia. Kilichokupunguza ni njaa, chai ilikuwa inakimbiza tu tumbo.

Sasa hesabu, maana wewe ni mfanyabiashara utanielewa haraka. Mtu akipungua kwa kujinyima chakula bila mazoezi, kama robo ya kilo zinazotoka huwa si mafuta, ni misuli na vitu vingine visivyo mafuta. Wewe ulipoteza 13, na ulikuwa huli samaki wala yai, kwa hivyo tuseme kwa makisio kilo tatu ama nne za huo mzigo zilikuwa nyama yako mwenyewe, ile ya mapaja, ya makalio, ya mikono. Halafu Disemba zikarudi tisa. Zilirudi kama nini? Mwanamke ambaye amevuka kukoma hedhi, hajainua kitu, anakula chapati za harusi, kilo zikirudi huwa zinarudi zaidi kama mafuta. Kwa mafuta umekaribia kurudi pale pale ulipokuwa, lakini ile nyama uliyoacha njiani haikupanda gari la kurudi. Mizani inasoma 90 na haijui tofauti. Ni kama kupima gunia bila kufungua uone ni mahindi ama ni maganda.

Na kuna kitu kingine hakuna mtu amekuambia. Ukiwa 94 miguu yako ilikuwa inabeba kilo 94 kila siku, kuamka, kupanda matatu, kusukuma mizigo, hiyo ilikuwa jimu bila wewe kujua. Watu wanene mara nyingi wana misuli mingi kuliko wembamba ukihesabu kwa kilo, isipokuwa kila kilo ya huo msuli haina nguvu kama ya mtu mwembamba. Kwa nini? Hapo ndipo kuna maneno.

Nenda bucha yoyote hapo Kibuye usimame uangalie nyama ikikatwa. Kuna nyama nyekundu tupu, na kuna ile ina michirizi myeupe imepita katikati ya nyuzi, ya ng'ombe aliyefungiwa boma akalishwa bila kutembea. Kwa sahani ni tamu sana. Kwa paja lako ni shida. Mafuta ya mwili yana mahali pake pa kukaa, chini ya ngozi, hapo hayana vita sana. Lakini stoo ikijaa, ama umri ukisonga, yanaanza kumwagika yanapita mahali si pake, kwa ini, kuzunguka matumbo, na katikati ya misuli, mpaka ndani ya nyuzi zenyewe. Msuli wa namna hiyo unaweza kuwa mkubwa kwa macho lakini ukivuta hauvuti. Ndio maana unaweza kuwa mnene na mnyonge siku moja, saa moja, mwili mmoja. Na kwa kina mama hedhi ikikoma mafuta yanahama kutoka kwa nyonga yanakuja tumboni, utakuwa umeona hata sketi zako zinakataa kiunoni na huku nyuma zimelegea.

Zamani nikisomea uuguzi tulifundishwa mafuta ni akiba tu, kama mahindi kwa ghala. Kumbe ghala linaongea. Mwaka 1993 watafiti Marekani waliona mafuta ya panya wanene yanatoa TNF, kemikali ambayo mwili hutumia kuwasha moto wa kupigana na magonjwa. Mwaka uliofuata kundi la Jeffrey Friedman pale New York likagundua leptini, homoni inayotoka kwa mafuta kwenda kuambia ubongo akiba ikoje. Kutoka hapo wameendelea kupata nyingine na nyingine. Mafuta yakizidi, hasa ya tumbo, ule moto unawaka kidogo kidogo mchana na usiku, hausikii homa, huoni kidonda, lakini msuli unaoogea kwa hiyo damu unabomoka haraka na unajengeka polepole. Tena unakuwa kiziwi kwa insulini, homoni inayouambia msuli uchukue sukari. Na msuli ndio mteja mkubwa wa sukari baada ya kula, akikataa kununua, sukari inabaki barabarani, ndiyo hiyo kliniki wanakuambia iko karibu na mpaka, na nyingine inageuzwa mafuta. Mafuta yanaongezeka, yanaongeza moto, msuli unapungua, wewe unachoka, unakaa zaidi kwa kigoda, mafuta yanaongezeka. Unaona vile inazunguka.

Sasa habari njema ni kwamba msuli nao una mdomo. Bente Klarlund Pedersen na wenzake huko Copenhagen walionyesha kwamba msuli unaofanya kazi unamwaga vitu vyake kwa damu, wakaviita mayokaini, na vingine vinaenda kutuliza ule moto na kusukuma mafuta yatumike. Lakini msuli huongea ukifanya kazi. Ukikaa unanyamaza, na hapo anayesikika ni mafuta peke yake.

Mzee wako anasema ni uzee. Ana robo ya ukweli nampa. Kuanzia miaka thelathini na kitu mtu hupoteza misuli kama asilimia 3 mpaka 8 kila miaka kumi, baada ya sitini inaenda mbio zaidi, na nguvu hupotea haraka kuliko nyama yenyewe. Hii ina jina, sakopenia, alilipendekeza daktari Mmarekani Irwin Rosenberg mwaka 1989 akichukua maneno ya Kigiriki ya nyama na upungufu. Ikikutana na unene kwa mtu mmoja inakuwa ni mbili zinasaidiana kukumaliza. Na uliandika neno moja nimelipigia mstari, "mguu ukachelewa". Hapo umesema sawa kabisa kuliko vitabu. Misuli ina nyuzi za polepole, hizo zinakubeba ukitembea kutoka stendi mpaka sokoni, na ina nyuzi za haraka, hizo ndizo zinakudaka ukiteleza na ndizo zinakuinua kwa kigoda. Umri unazila zile za haraka kwanza. Kwa hivyo mtu anaweza kutembea vizuri tu, anasema mimi niko sawa, mpaka siku ya ngazi.

Lakini mwambie mzee hivi, na umsomee kama hataki kusoma: mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone pale Boston alichukua wazee wa nyumba ya kulelea, umri wao kati ya 86 na 96, akawafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu wiki nane. Nguvu ya miguu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka tisini dada yangu! Wewe na 57 zako uko darasa la watoto.

Leo jioni fanya hivi. Chukua kiti cha kawaida cha mezani, si kigoda, ukiegemeze ukuta, mtu asimame karibu. Funga mikono kifuani. Simama ukae mara tano mbio uwezavyo, mjukuu ashike simu ahesabu sekunde. Madaktari wa Ulaya wanaofuatilia haya mambo wameweka mpaka kwa sekunde 15, ukipita hapo nguvu ya miguu ina shida. Andika kwa kitabu cha madeni. Halafu ile tepu yako ya kupimia wateja kiuno, jipime wewe, usawa wa kitovu, usivute tumbo ndani. Kwa mwanamke ikipita sentimita 88 mafuta ya ndani ni mengi, na wengine wanaanza kuonya kutoka 80. Hizo namba mbili ndizo utazifuata, mizani rudisha Nakuru kwa mwenyewe ama ipimie watoto.

Kliniki uende lakini, tusidanganyane. Waambie hasa kwamba ulianguka na kwamba huwezi kusimama kutoka chini, maana mara nyingi tukifika huko tunasema "presha tu" na tunapewa dawa tunaenda. Wapime sukari, damu, tezi ya shingo na figo, na wakuulize dawa unazokunywa, kuna zingine kama prednisolone zikinywewa muda mrefu zinakula misuli. Unyonge ukiwa wa upande mmoja, ama ukija ghafla, ama kukawa na ganzi, hiyo si ya kungoja barua yangu, enda siku hiyo hiyo.

Mazoezi. Najua unafikiria jimu na tracksuti na vijana wa Milimani wakikuangalia, hapana, kibanda chako kinatosha. Kiti kile kile, anza kusimama na kukaa mara nane, pumzika, tena nane, tena nane. Siku tatu kwa wiki, si kila siku, msuli unajengwa ukipumzika. Mwanzo ukihitaji kujisukuma na mkono jisukume, polepole punguza mkono. Usijiangushe ukikaa kama gunia la viazi, shuka polepole ukihesabu mpaka tatu, kushuka ndiko kunajenga sana na watu wengi huko kushuka wanakupuuza. Ikiwa rahisi shika jerikeni ya lita tano iliyojaa maji kifuani, hiyo ni kilo tano tayari, ikiwa rahisi tena tafuta kiti kifupi zaidi, tukielekea kwa kigoda. Halafu kusukuma ukuta na mikono miwili, na kuinuka kwa vidole vya miguu ukishika nguzo, hiyo nguzo yako inayojua siri. Zile mara mbili za mwisho lazima uzihisi, kama unaweza kuwa unapiga gumzo na mteja basi umejidanganya. Wiki za kwanza nguvu itakuja kabla ya nyama kuonekana, kwa sababu neva zinajifunza kuita nyuzi zilizokuwa zimelala, kwa hivyo usiangalie mkono kwa kioo ukasema haifanyi kazi. Kutembea endelea, kutembea ni kwa moyo na sukari, lakini kutembea peke yake hakutakutoa kwa kigoda.

Chakula ndio kitu kimeniuma kwa barua yako. Mtu wa Kisumu anaacha samaki! Wazee hushauriwa kula protini gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na wewe tusipige hesabu na kilo zote 90 kwa sababu mafuta hayahitaji kulishwa, tuchukue 70, inakuja gramu 70 mpaka 84. Yai moja ni kama 6. Glasi ya maziwa ama mala 8. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kama 15. Kipande cha ngege, yaani tilapia, cha gramu mia ni 25 hivi. Kwa hivyo asubuhi mayai mawili na maziwa badala ya chai na mandazi mbili, mchana ndengu ama maharagwe, jioni samaki ama omena na mboga ya osuga, ugali weka lakini uwe mdogo, ule ukubwa wa ngumi. Omena tena unaitafuna na mifupa yake, unapata kalisiamu bila kununua dawa. Siku ukiwa umekauka pesa kuna mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, tengeneza supu, si aibu. Igawe hiyo protini mara tatu usiiweke yote usiku. Na kama figo zitaonekana zina shida kwa vipimo, hii aya yote iweke kando mpaka daktari akuambie kiasi chako.

Kufunga na kina mama, siwezi kuingilia kanisa lako. Lakini kwa miezi mitatu hii omba ufungie kitu kingine.

Umeuliza upungue ama uache. Upungue, ndio, sukari na presha hazijaenda popote, lakini nguvu itangulie na kilo zifuate polepole. Kuna utafiti wa mwaka 2017 Marekani, watu 160 wanene wa miaka 65 kwenda juu, waliwekwa kwa makundi, wote walio kwenye mazoezi wakapunguza chakula pia, miezi sita. Waliofanya mazoezi ya kutembea na ya pumzi tu walipoteza asilimia 5 ya mwili usio mafuta, waliochanganya hayo na kuinua vyuma asilimia 3, walioinua vyuma tu asilimia 2. Na wale wa kuchanganya ndio walitoka wakiwa na mwili unaoweza kufanya kazi vizuri kuliko wote. Uzito walipunguza karibu sawa, makundi yote matatu ya mazoezi. Kwa hivyo kilo ni zile zile, shida ni zinatoka wapi.

Ile sindano si kitu kibaya, ni dawa ya daktari na kuna watu inawafaa kabisa. Lakini hata yenyewe, sehemu ya kilo inazotoa ni nyama, tena inakata hamu ya kula mpaka mtu anashindwa kumaliza yai moja. Kama daktari ataona unaihitaji, sawa, iende pamoja na kiti na samaki. Kununuliwa na binti kwa mtu wa mtandaoni, hapana. Na binti usimgombeze, alikuwa anakupenda na mizani, ndiyo njia aliyojua. Mtume akutafutie jerikeni nzuri yenye mshiko.

Niandikie baada ya miezi mitatu uniambie sekunde zako za kiti. Na ule mzigo wa kilo 45 bado usiuguse, mlipe yule kijana wa mkokoteni.

Sista